Kivuli cha Bure Ufuoni

Wifi yangu ndiye aliyeniambia kwanza kwamba ufuoni Malindi, siku ya Idi, kivuli kisicho na gari kina sababu. Sisi tulikwenda kwa tuktuk. Mgeni kutoka bara akaegesha gari lake jipya chini ya mnazi, akamwambia mkewe, "Watu wa pwani wamekiacha kivuli kizuri hivi!"

Naona haya kusema na nisiowajua, lakini nazi zilikuwa zimekauka. "Shikamoo, baba. Tafadhali tazama juu."

Akatazama, akarudisha gari nyuma mbio. Nazi ikaanguka pale pale: puu!

Mkewe akacheka mpaka akashika mbavu. "Waamkie sasa watu wa pwani!" Kisha akaiokota, akanipa.

Wageni, egesheni juani.

Asubuhi yake niliikuna nazi ile, nikapika mbaazi.