Sura ya Faraji

Watu wa Tabata walimjua Zubeda kuwa mke wa Mwarabu. Mwenyewe alikuwa Mzaramo wa Temeke, fundi cherehani, na huyo Mwarabu, Mzee Talha, alimpata miaka ya sabini alipokuja kugeuziwa kola ya shati lake la pekee. Alikuwa mwanasiasa aliyetoroka kwao, ng'ambo ya jangwa la Sahara. Ujanani aliandika na kuhutubia mpaka wakoloni wakafunga virago. Uhuru ulipopatikana, wenzake wa chama wakamfunga yeye. Gerezani alimshuhudia rafiki yake Faraji akifa. Akayaandika yote kitabuni, na kitabu kikapigwa marufuku. Huku Dar akafundisha Kiarabu Buguruni, akaoa, akazeeka.

Zubeda hakukisoma kitabu kile. Kiarabu cha kusoma hakukijua. Alichojua ni kwamba mlango ukijibamiza, mumewe hushika ukuta.

Mwaka jana wakaja wageni wawili wenye suti, kutoka kwao Talha. Zubeda akawaandalia kahawa na kashata. Walikuwa na adabu zao. Serikali ya sasa, walisema, inawaenzi wazee wa uhuru: kitabu kitachapwa upya, naye atarudishwa nyumbani kwa heshima, amwone dada yake Mabruka, aliyemwacha akiwa msichana.

"Ila sura ya mwisho itoke," alisema mmoja, kwa Kiswahili cha kujifunza ukubwani. "Ile ya Faraji. Waliotajwa mle wana watoto madarakani."

Talha akasema atafikiri.

Hamida, binti yao, alikuja mbio kutoka Ukonga. "Baba, sura moja tu! Shangazi ni kikongwe. Na wewe mwenyewe unatembelea fimbo."

"Na Faraji je?"

"Faraji kashakufa, baba."

Zubeda alimkata jicho binti yake, lakini moyoni naye alitaka mzee aende. Alikuwa amechoka kumsikia akimtaja dada yake usingizini.

Wageni waliporudi, Talha akakataa. Alikataa kwa sauti ndogo, bila hotuba. Wakaaga kahawa haijapoa.

Mwezi wa Shaabani Mabruka akaanguka. Walionana kwenye simu tu: bibi kitandani, akimwita kaka yake kwa jina la utotoni. Haukupita muda, mpwa akapiga simu ya msiba. Majirani wakatandika mikeka, wakamsomea hitima mwanamke wasiyemjua.

Matanga yalipokwisha, Hamida hakuwa akimsemesha baba yake. Talha aliketi barazani, mikono mapajani.

"Mama Hamida, nimekosea?"

"Mie nitajuaje?" alijibu Zubeda. "Nimekufulia, nimekuuguza, lakini hiyo sura hujawahi kunisomea."

Mzee akamwomba akilete kitabu. Akaanza kusoma, akiigeuza sentensi moja moja kwa Kiswahili chake cha Buguruni. Hamida alikuwa jikoni akiosha vyombo, bomba likimwaga maji. Talha akafika pale Faraji anaposhinda akiomba maji, na askari, mtu waliyekuwa naye chama kimoja, anaimwaga ndoo nzima mbele ya mlango wa seli.

Bomba likafungwa. Hamida akatoka, akakaa sakafuni karibu na mama yake. Hakuomba radhi.

"Endelea, baba," alisema.

Mzee alikuwa ameacha kitabu mapajani, ameshika ukuta. Zubeda akamwekea mkono gotini, wakangoja.