Sabuni Niliyoirudisha

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, ambayo hadi leo ikinijia nikiwa peke yangu jikoni nasema "ah!" kwa sauti, mpaka wajukuu wanaulizana bibi ana nini. Nakusimulia wewe, mtoto wa jirani yangu, kwa sababu juzi ulinijibu kwa mkato kwamba kanisani huendi tena, eti watu wa pale wanakutazama vibaya. Mimi nilikuwa hivyo hivyo. Kaa basi unisikilize, na hiyo saa yako usiitazame.

Ilikuwa miaka ile ya maduka matupu. Unapanga foleni alfajiri hujui hata kinachouzwa, ukifika mbele unaambiwa kimekwisha. Lakini kilichotuumbua hasa kilikuwa sabuni. Sukari ukiikosa unakunywa uji wa chumvi ndani kwako na hakuna anayejua; sabuni ukiikosa kila mtu anajua. Tulifulia majani ya mpapai, na nguo zilitoka na harufu yake ambayo siipendi kuikumbuka. Tulikuwa tumeshuka kutoka Usambara kumfuata mume wangu, aliyepata kazi karakana hapa Tanga, tukapanga chumba mtaa wa Mabawa kwa Bi Mwanaidi, Mdigo mmoja mcheshi sana. Mama yangu mzazi tulikuja naye. Macho yake yalikuwa yameshaingia mtoto wa jicho, haendi popote bila kushikwa mkono, na mkono wenyewe ulikuwa wangu.

Tulipofika tu mama akaanza: kanisa liko wapi, lini utanipeleka. Alikuwa Mlutheri wa tangu utotoni, nyimbo zote kichwani, na alikuwa hajala Chakula cha Bwana tangu tuhame. Basi Jumapili hiyo tukaenda. Wageni wakaombwa wasimame. Mama akasimama, akataja jina lake na usharika aliotoka kwa sauti ya mtu aliyefika kwao, na kanisa zima likamwimbia karibu. Mimi nilisimama nimebana mikono mbavuni, nikiogopa jasho langu.

Baada ya ibada kukawa na mnada nje, wa vitu ambavyo watu walileta kama sadaka: mayai, muhogo, jogoo mmoja mkorofi. Halafu mnadi akainua sabuni. Sabuni ya kuogea, mwanangu, mpya kwenye karatasi yake, mtu alikuwa ameivusha kutoka upande wa Mombasa! Watu wakashangilia, bei ikapanda, mwisho akaichukua mama mmoja mzee wa kanisa, Mama Raheli. Nikajisemea, mwenye bahati huyo. Mara namwona anakuja moja kwa moja kwetu. Akaniwekea ile sabuni kiganjani.

"Karibuni, mwanangu. Hii ya wageni."

Vigelegele vikapigwa. Na mimi, mjinga mimi, nilichosikia ni kwamba amenisikia harufu. Kwamba kati ya wote pale, nimechaguliwa mimi nionyeshwe mbele ya watu kuwa siogi. Damu ikanipanda kichwani. Nikamrudishia mkononi na kumwambia, "Sisi kwetu tunaoga."

Nikamshika mama mkono, tukaondoka. Njiani akaniuliza, "Mbona wamenyamaza ghafla?" Nikamwambia mnada umekwisha.

Bi Mwanaidi nilipomhadithia, nikitegemea anitetee, alishika kiuno. "Ati umepewa sabuni, ukanuna? We Naomi una wazimu! Wallahi ningepewa mimi ningepokea kwa mikono miwili na nyumbani ningerudi nacheza." Nikamwona naye hanielewi.

Toka hapo nikawa na sababu kila Jumapili. Leo mvua, leo jua kali, leo mtoto ana homa. Mama alivaa kanga zake safi, akakaa kibarazani akingoja, na jua likipanda akaanza kuimba mwenyewe taratibu, wimbo baada ya wimbo, mpaka ibada yake ikaisha. Hakunilalamikia. Laiti angenigombeza!

Mama Raheli alikuja kututembelea. Nikamzuia mlangoni, nikasema mama amelala, akaenda zake. Mama akauliza kutoka ndani ni nani huyo. Muuza mboga, nikasema. Akasema, "Muuza mboga wako huyo ana sauti ya kanisani." Nikajitia sijasikia, nikaendelea kuchambua mchele.

Nilijiambia nitampeleka, hasira zikipoa. Hasira hazijapoa, mama akaugua kifua, na wiki haikuisha akafariki. Mpaka leo hilo linaniuma, mwanangu. Alitaka kitu kimoja tu kwangu, nimshike mkono nimfikishe, na miguu ninayo.

Asubuhi ya msiba nilikaa sakafuni nikijua hatuna mtu. Sikujua kwamba Bi Mwanaidi alishatuma habari kanisani bila kuniuliza. Nikasikia nyimbo zinakuja barabarani, zile zile alizokuwa akiimba peke yake kibarazani. Walikuja na kuni, na ndoo za maji, na Mama Raheli mbele. Hakuna aliyeniuliza nilikuwa wapi. Ukafika wakati wa kumwosha mama, na ndani hamna sabuni. Mama Raheli akafungua pindo la kanga, akatoa ile ile, bado iko kwenye karatasi yake.

Nikamuuliza, hukuitumia? Na shida yote hii?

"Nitaitumiaje na nilishakupa wewe? Kila mgeni wetu hupewa kitu. Mimi nilipokuja hapa nilipewa mayai, nikayala." Kisha akanitazama. "Ulidhani nimekusikia harufu? Na mafua yangu haya yasiyoisha?"

Nikacheka, mwanangu, mbele ya maiti ya mama yangu, nikacheka na kulia pamoja. Tukamwosha. Chumba kizima kikanukia, na yeye hakuwepo wa kufurahi.

Baadaye ikaja ruksa ya kuingiza bidhaa kutoka nje, maduka yakajaa, sabuni za kila rangi. Nikinunua namkumbuka. Kanisani nilirudi, nikapokewa kama niliyetoka kuchota maji tu. Lakini kiti cha mama pembeni yangu hakikupata kuwa na mama.

Kwa hiyo nakuambia hivi. Mtu wa kanisani akikunyooshea mkono, upokee kwanza, ya nia yake uulize baadaye, tena umuulize yeye mwenyewe na si moyo wako uliochukia. Wapo wakorofi pale, sikatai, nami ni mmoja wao. Ila ukisusa hususi peke yako. Yupo anayekutegemea umfikishe, naye hatakuambia. Mungu akupe watu wa kukukaribisha kila utakapokwenda, mwanangu, akulainishe na moyo ukaribishike, na wazazi wako wasije wakaimba peke yao kibarazani.

Na Jumapili uvae mapema, unipitie. Tangu mvua za mwaka jana macho yangu haya yameanza kuingia ukungu, na barabara ile siioni vizuri tena.