Kanyere Hahesabu Watoto wa Watu

Kanyere ni mwoga. Naanza na hilo kwa sababu siku hizi watu wa avenue yetu wanamsifu kama mtu aliyezaliwa na moyo wa simba, na mimi niliyepakana naye ukuta kwa ukuta miaka sita namjua. Ngurumo ikipiga anazima redio. Motari wa pikipiki akifunga breki kwa nguvu barabarani, mguu wake unaruka kwenye pedali ya cherehani na shati la mteja linapata mshono ambao hakuuomba. Nyuma ya mlango wake kuna mfuko uliofungwa tayari: nguo, chumvi, kadi ya uchaguzi. Ndio mfuko aliokimbia nao kutoka Oicha, na mpaka leo hajautoa vitu vyote.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyekuwa akichukua watoto wetu kila Jumamosi, salongo ya usafi wa mtaa ikiisha na mitaro imezibuliwa, na kuwapeleka site, kule nje ya mji ambako waliokimbia vita vya Djugu wanaishi chini ya maturubai. Kila mtoto alibeba bidon yake ndogo ya njano, ya kuchotea maji. Kule waliwachotea maji wazee, wakafua, wakachambua maharagwe, wakasugua masufuria kwa majivu. Hakuwapa pipi wala biskuti. Kanuni yake ilikuwa moja: ukimaliza kazi, usingoje asante, uliza, "Koko, iko nini ingine?"

Nilimuuliza siku moja anapata nini. Alikata uzi kwa meno, akaniambia kwamba juma lake la kwanza hapa Bunia, mtoto asiyemjua alimletea bakuli la maharagwe, akaliweka mlangoni, akaondoka akiruka-ruka na kucheka.

"Maharagwe nilisahau," alisema. "Ile kicheko ndiyo sikusahau. Yule mutoto alikuwa na furaha kuliko miye niliyekula. Nikasema, kumbe hii kintu inafundishwa."

"Wazee walisema kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio," nilimjibu. "Weye mwoga, bakia nyumbani na batoto ya watu."

"Charlotte, miye naogopa hapa, naogopa na kule. Heri niogope nikiwa na kazi."

Nilimwacha. Mwanangu Divine, wa miaka tisa, alikuwa akirudi kutoka site na vidole vilivyokunjamana kwa maji, akinisimulia habari za koko Anastasie, bibi mmoja wa Kpandroma aliyepoteza macho, anayetaka chai yake imwagwe kama si moto wa kuunguza. Divine alikuwa mtoto wa kujificha nyuma ya sketi yangu. Site ilimfungua mdomo, siwezi kukataa.

Ila mimi mwenyewe sikukanyaga kule. Mwaka elfu mbili na kumi na nane tulikimbia Fataki, mume wangu yuko machimboni Nizi, Divine mgongoni kwangu. Mama mkwe miguu ilimshinda. Nilimketisha jikoni, nikamwekea maji, nikamwambia nitamtuma mtu aje kumchukua. Mtu alikwenda baada ya siku tatu na hakumkuta hai. Sasa pale site kuna watu wa Fataki, na niliogopa atokee mmoja aniulize habari zake.

Jumamosi ninayoisimulia ilikuwa mwezi wa tano. Saa sita hivi mchana nilikuwa napepeta mchele uani niliposikia masasi ya bunduki upande wa site. Kwanza moja moja, halafu mfululizo. Avenue nzima ikaingia ndani. Mimi nikatoka. Nilisimama barabarani na ungo mkononi.

Watoto wakatokea kwenye kona wakikimbia, Kanyere nyuma yao kama mama kuku, kitambaa cha kichwa kimeanguka shingoni. Nilizitazama nyuso zile moja moja. Nikazitazama tena.

"Divine iko wapi?"

"Batoto yote iko hapa," Kanyere alisema akihema. "Nilihesabu pale kwa daraja. Onze. Tulienda onze, tumerudi onze."

Hapa lazima nieleze. Kanyere hahesabu watoto. Nyanya yake kule Lubero alimlea akimwambia kwamba ukinyooshea watoto wa watu kidole, mmoja, wawili, watatu, unamwonyesha mauti pa kuchagua. Wengi wetu tumelelewa hivyo. Kwa hiyo yeye alihesabu mabidon. Kila mtoto bidon yake, na bidon haiachwi. Pale darajani, masasi yakilia, aliinamisha macho akahesabu njano kumi na moja, akamshukuru Mungu, akawaswaga mbele.

Josaphat, kijana wa miaka kumi, alikuwa na bidon mkono wa kuume na nyingine mkono wa kushoto.

"Ile ingine ya nani?" nilimuuliza.

Aliyashusha mabidon yote mawili. "Ya Divine. Alinipatia nimushikie. Alisema anakuya."

Kanyere alikaa chini barabarani, pale pale kwenye vumbi. Nilimtukana. Maneno niliyomwambia siyaandiki, lakini moja lilikuwa kwamba mtu asiye na mtoto hajui uchungu wa mtoto, na nililisema nikijua litamchoma. Aliinuka, akawaingiza wale watoto nyumbani kwake, akamwambia mkubwa wao afunge mlango kwa komeo, akanishika mkono. Tukaanza kwenda kule ambako kila mtu alikuwa anatoka.

Watu walitupita na magodoro, na mbuzi, na watoto. "Munaenda wapi? Kule banapiga watu!" Meno ya Kanyere yalikuwa yanagongana. Nilingoja aniachie arudi. Tulipofika darajani nilimtazama, nikaona amejikojolea. Hakuniachia.

Site ilikuwa tupu, na utupu huo uliniogopesha kuliko masasi. Sufuria zilikuwa bado zinachemka kwenye mafiga. Kiatu kimoja, redio inayoimba peke yake. Niliita jina la mwanangu. Kanyere alinivuta kwenye mstari wa mwisho wa maturubai, akafunua moja.

Divine alikuwa ameketi juu ya mkeka, mikono yote miwili imemshika koko Anastasie. Uso wa mwanangu ulikuwa umepauka kama majivu. Alikuwa anamwambia bibi taratibu, "Bamekwisha kwenda, koko. Bamekwisha kwenda." Nje masasi yalikuwa yanalia bado.

Nilimkamata mkono kumwinua. Nilitaka kumpiga na kumla mabusu, vyote mara moja.

"Kwa nini hukukimbia na benzako?"

"Koko hawezi kukimbia, mama. Nilimuuliza iko nini ingine, akasema nikae naye."

Bibi aligeuza uso upande wangu. "Mubebe mutoto wako, mama," alisema. "Miye nilimudanganya anishike kidogo tu. Nilikuwa na woga. Muende."

Kanyere alikwisha kuchutama mbele ya bibi, mgongo wazi, bibi ampande. Lakini Kanyere ni mwembamba kama ufito. Asingefika hata kwenye kisima.

Divine hakuuachia mkono wa koko. Alinitazama tu.

Nilimsukuma Kanyere kando, nikachutama mimi. Tulimfunga koko mgongoni kwangu kwa kikwembe, namna ya kufunga mtoto. Alikuwa mzito kuliko nilivyodhani, alinuka moshi na sabuni, na kabla hatujafika njiani alianza kunisema: "Weye unatembea kama mutu wa kwenda matanga. Kaza." Kanyere alitangulia, Divine akafuata nyuma yangu, ameshika miguu ya bibi isiburute.

Karibu na daraja sasi moja lililia upande wetu hasa, na majani ya mkaratusi yakadondoka. Kanyere alilala chini. Nasema ukweli wa Mungu: vidole vyangu vilikuwa vimekwisha kulishika fundo la kile kikwembe. Kulifungua ni kitu cha dakika. Ningemketisha yule bibi pale kando, ningemwambia nitamtuma mtu, ningemkamata mwanangu na kukimbia. Nilijua kufanya hivyo, nilikwisha kufanya.

"Mama, nimemushika vizuri," Divine alisema nyuma yangu. "Haanguki."

Nililikaza fundo, nikamwita Kanyere ainuke, tukaendelea.