Mama Chujio na Chupa Tupu

Mama Chujio, binti wa mshona nyavu asiyeacha jicho limefumuka, mjukuu wa mwanamke aliyevusha watu siku daraja liliposombwa, mwenyewe alikuwa mvuta wavu wa kituo cha utafiti kwa miaka ishirini na sita. Kila wiki mbili alipita mlango wa mto na wavu laini kama shela, akikusanya vidudu ambavyo macho matupu huviona vumbi: watoto wa kaa, watoto wa kamba, na vingine visivyozidi punje ya chumvi maisha yao yote.

Masika yale chupa iliyofungwa mkiani mwa wavu ilitoka na maji matupu. Daktari wa kituo aliitazama kwenye hadubini, akavua miwani.

"Mama, labda wavu umetoboka. Au vimekufa. Kesho ikitoka tupu tena, wakubwa wanaifunga kazi hii."

Siku nzima Mama Chujio hakutulia. Aliketi, akasimama, akafagia palipokwisha kufagiwa. Aliuinua wavu dirishani akaukagua jicho kwa jicho. Mzima. Chakula kikapoa mezani.

"Utatoboa sakafu," alisema wifi yake, ambaye ndiye aliyempigia makasia. "Vidudu havina miguu, vitakwenda wapi?"

"Vilishahama siku za nyuma, wifi. Ule mwaka wa mafuriko. Maji ya mvua yalilala juu, ya chumvi yakajificha chini, navyo vikafuata chumvi yao. Baadaye kituo kikaandika kanuni kwamba tuvute juu juu tu, nami nikanyamaza. Kunyamaza kwangu ndiko kunakonichoma."

Kesho yake, maji yalipojaa, alifunga chuma kwenye kamba yenye mafundo ya kupimia kina, akaizamisha mpaka chini. Alipoivuta alianza kuilamba, fundo baada ya fundo, kuanzia la juu. Baridi, halina ladha. La pili vilevile. La tatu. La nne, chumvi.

"Chakula cha nyumbani umekisusa, sasa unakula kamba," wifi alisema.

"Piga kasia."

Wavu ukashushwa hadi fundo la nne. Chupa ikatoka nzito kama maji ya kuoshea mchele. Kituoni, daktari aliinama kwenye hadubini muda mrefu.

"Vimejaa, Mama. Kazi haifungwi. Tutavuta juu na chini."

Hata hivyo Mama Chujio hakutulia. Magoti yake yalikuwa yameanza kugoma kupanda mashua, na kiangazi kingekuja kugeuza kila kitu. Akamtupia wifi kamba mapajani.

"Safari ijayo unavuta wewe. Fundo la leo usilitegemee, maji yatakuwa mengine. Lamba kwanza."

Wifi aliifuta kamba kwa upindo wa nguo, akakunja uso, akatoa ulimi.