Mruko wa Radi

Ukiuliza pale Kawetele habari za mbwa wa Lusungu, hakuna atakayekutajia rangi wala masikio. Watakusimulia mruko. Radi, dume lake la ulinzi, akipanda mteremko wa migombani alikuwa akirusha miguu yote miwili ya nyuma kwa pamoja, kama sungura. Wanunuzi walipokuja kuchagua watoto wa Radi, waliwafungulia hapo mteremkoni, na aliyeruka kama baba yake ndiye aliyegombaniwa. Aliyekimbia kama mbwa wengine alibaki akizubaa mpaka atokee mtu wa kumhurumia.

Lusungu mwenyewe alichuma chai mpaka mgongo ulipogoma. Msimamizi mmoja wa shamba alipohama alimwachia Radi akiwa bado mdogo, na mama huyu, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye bonde la pili, akajikuta na kazi mpya. Alimpenda Radi waziwazi, na aliyemcheka alijibiwa papo hapo. Mabati ya nyumba na heshima aliyokuwa nayo Tukuyu mjini, vyote vilitoka kwa mbwa huyo.

Basi siku moja akaja Jairo, kijana anayepeleka maziwa kutoka Kinyala, na pikipiki yake. Kwenye tenga nyuma alikuwa na Tai, mtoto wa Radi aliyemnunua akiwa mdogo.

"Mugonile, mama," Jairo akamsalimu. "Mbwa wako mvivu. Akifika katikati ya mlima anakaa chini."

"Mvivu? Wewe humlishi!"

"Anakula kuliko mimi, mama."

Lusungu alimshusha Tai na kumwita juu ya mteremko. Tai aliruka mara chache, vizuri kabisa, halafu akakaa. Alipojaribu kuinuka alitoa kilio kidogo. Kilio hicho Lusungu alikuwa akikisikia kwa Radi kila asubuhi, na siku zote alisema ni baridi ya Rungwe.

Hakubishana tena. Waliwapeleka mbwa wote wawili Mbeya, kwa daktari wa mifugo aitwaye Rahima, wakapigwa eksirei. Daktari aliinua picha dirishani.

"Huyu mkubwa, mfupa wa paja haukai vizuri kwenye nyonga. Huyu mdogo karithi. Wanaruka hivyo mnavyosema kwa sababu kutupa mguu mmoja mmoja kunawauma."

"Lakini daktari, huo mruko ndiyo sifa yake!"

"Ndiyo maumivu yake, mama. Asizalishe tena. Na watoto wake wote wapimwe."

Njia nzima ya kurudi Lusungu alimshika Radi kichwa mapajani, akalia mbele za watu, yeye ambaye hata msibani hulia kwa kujificha. Miaka yote alikuwa akichagua wenye maumivu na kuwapigia makofi.

Sasa ukweli alikuwa nao yeye, Jairo na daktari tu. Angeweza kunyamaza. Jike lake, Malaika, lilikuwa karibu kupandishwa kwa Radi, na tayari watu walikuwa wakisubiri watoto. Akisema, jina lote linaanguka. Akinyamaza, kuna watoto wengine huko Nkunga na kwingineko watakaokaa katikati ya mlima wakiitwa wavivu.

Langoni kwake, kwenye njia ya sokoni, kulikuwa na ubao wenye picha ya mbwa anayeruka. Akaupaka chokaa wote. Kisha akaandika kwa herufi kubwa: RADI, NYONGA MBAYA, HAZALISHI TENA. MLIOCHUKUA WATOTO WAKE NJOONI TUKAPIME. Chini yake: TAI, NYONGA MBAYA, BABA RADI. Jairo mwenyewe ndiye aliyesema aandikwe.

Watu walicheka mpaka wakachoka. Jirani yake Hellen alimfuata jikoni. "Gwe Lusungu, nani anaandika ubaya wa bidhaa yake mlangoni?"

"Mimi," akasema, akaendelea kumenya ndizi.

Waliosubiri watoto walihamia kwingine. Lakini mmoja alikuja na mbwa wake, halafu mwingine, wakakodi gari pamoja kwenda Mbeya. Kila jibu lilipanda ubaoni, zuri kwa baya. Malaika alikutwa mzima. Huko Nkunga wakapata dume lisilo na undugu na Radi, lenye nyonga safi, ambalo mwenye nalo alikuwa karibu kuligawa bure kwa sababu halina mruko.

Malaika alizaa. Ubaoni watoto wakaandikwa pamoja na wazazi wao wote wawili, na neno moja: BADO. Kila anayechukua alitakiwa aahidi kurudi kupima mbwa wake akikomaa. Radi alizeeka barazani, kwenye gunia lake, akipewa dawa ya maumivu.

Jairo ndiye aliyekuja wa kwanza kuchagua. Akamfungulia mmoja mteremkoni. Kitoto kilipanda mguu baada ya mguu, kikafika juu, kikashuka, kikapanda tena bila kukaa popote. Jairo akajikuna kichwa.

"Ila huyu, mama, anakimbia kama mbwa wa kawaida tu."

Lusungu alimgeukia, macho yamejaa machozi. "Hebu sema tena," akamwambia. "Sema kwa sauti, Radi asikie."