Jinsi Nilivyoshinda Kesi ya Wanja

Nilimwahidi dada yangu mdogo mambo mawili: kwamba nitamtetea mbele ya wakubwa wa nyumba, na kwamba nitashinda. Yote mawili niliyatimiza kikamilifu. Ukamilifu huo ndio unaonifanya niandike.

Ilikuwa miaka ya vita na vikwazo, wakati nchi jirani zilipotufungia mipaka, petroli ilipouzwa kwa chupa kando ya barabara na sukari ilipogeuka kuwa habari ya kusimuliana. Nilikuwa mwaka wa tatu wa sheria katika chuo kikuu ambacho masomo yake yalifunguliwa na kufungwa bila mtu kutueleza sababu, wala sisi kuiuliza. Hata hivyo nilikuwa nimekwisha kusoma kurasa za kutosha kuamini kwamba kila dhuluma duniani inatokana na mtu fulani kutoelezwa vizuri. Niliona kazi yangu maishani itakuwa kueleza.

Tuliishi Buyenzi, mtaa wa Waislamu wa mji wetu, nyumbani kwa baba, mwuza vitambaa. Mama yetu alikuwa amefariki tukiwa wadogo. Bibi, mama yake baba, alikaa nasi. Na shangazi, dada yake baba, alikaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, umbali uliomwezesha kufika kabla maji ya chai hayajachemka. Shangazi ndiye aliyetulea. Alikuwa mwanamke mwenye moyo mwema na asiye na shaka yoyote, mchanganyiko ambao nimejifunza kuuheshimu kutoka mbali.

Dada yangu alikuwa na miaka kumi na mitano, darasa la tisa. Shule yake ilikuwa ng'ambo ya mto Ntahangwa, njia ya kuelekea Kigobe, na kila asubuhi alipita kwa miguu vizuizi viwili vya askari, akifungua mkoba wa madaftari mara mbili kwenda na mara mbili kurudi. Jambo hilo halikuwahi kuitishiwa kikao. Lakini siku moja alirudi akiwa na wanja machoni, mistari miwili myembamba, na shangazi akamkuta mlangoni. Alilowesha ncha ya kitenge kwa mate na kumfuta kama mwalimu anavyofuta ubao.

"Nani amekupaka?"

"Mi mwenyewe."

"Kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili ya macho, Shangazi."

Jibu hilo halikumtosheleza. Alimwambia baba kwamba nyumba imepata mtihani, na kwamba lazima wakubwa waketi Jumapili, baada ya swala ya alasiri, ili kila mtu awahi kurudi kwake kabla ya saa ya kutotoka nje. Namtetea shangazi kwa hili: mitaa mizima ya mji wetu ilikuwa imebaki kuta bila mabati, watu waliokuwa majirani walikuwa wakilala kwenye mahema upande wa Buterere, na hapakuwa na mtu Buyenzi aliyeweza kuamua lolote kuhusu hayo. Wanja ulikuwa ndani ya uwezo wetu. Nchi ilikuwa na wasemaji wake; kope za dada yangu zilikuwa mikononi mwa wazalendo.

Wasiokulia kwetu wanapaswa kuelezwa utaratibu. Mtoto wa Buyenzi hupakwa wanja kabla hajaweza kukaza shingo. Siku ya arobaini yake atatolewa nje akiwa na nyusi nzito zilizochorwa hadi karibu kukutana, awe wa kike au wa kiume. Ipo picha yangu mwenyewe katika hali hiyo, ninafanana na hakimu aliyekasirika. Msichana anaendelea kupakwa hadi siku anapoanza kutafutiwa viatu vya shule. Hapo wanja unakatazwa, bila tangazo, na kurudishwa siku atakapowekwa mbele ya wanawake wa upande wa mume. Kwa hiyo kwetu wanja ni haki ya watu wa aina mbili: wasioweza bado kusema, na wale ambao wengine wamekwisha kuwasemea.

Dada yangu alinijia bombani, tukiwa kwenye foleni ya maji.

"Kaka, we unasomea kusema. Nisemee."

"Niseme nini hasa?"

"Sema nataka wanja."

"Hoja haiwekwi hivyo. Inahitaji msingi."

"Msingi wa nini? Wanja haina msingi, Kaka. Inapakwa tu."

Nilitabasamu kwa huruma ya msomi na kumpa ile ahadi yangu. Kisha nikatumia siku tatu kuandika kurasa nne.

Sasa lazima niseme jambo nililolijua, kwa sababu bila hilo ningeonekana mjinga tu, na ukweli ni mbaya zaidi. Mwezi wa Shaabani uliotangulia, rafiki wa baba, mwuza vipuri vya magari, alikuja kumposea mwanawe dada yangu. Alikuwa mtu mwema, na hapo ndipo palipokuwa na ugumu. Katika wiki mbaya zaidi za mji wetu ndiye aliyetuletea unga, na hakuutaja tena. Hakataliwi hovyo mtu wa namna hiyo. Baba, aliyetaka binti yake afike mtihani wa darasa la kumi, alimjibu maneno mawili: "Bado mutoto." Rafiki yake akaitikia kwa kichwa na kumalizia chai. Jibu hilo kwetu halimuumizi mtu, kwa sababu anayekataa ni umri, na umri hauna ndugu wala deni la fadhila. Nilikuwepo chumbani. Mimi ndiye niliyemimina hiyo chai. Nikaliweka jambo hilo kichwani katika faili lake, na suala la wanja katika faili jingine, kama tulivyofundishwa chuoni.

Jumapili ikafika. Baba alikaa kwenye kiti, bibi kwenye mkeka na tasbihi yake, shangazi karibu na mlango. Shangazi mwenyewe alikuwa amepaka wanja, hina na rangi ya midomo iliyopitishwa kutoka Uvira, ng'ambo ya mpaka, kwa njia ambazo vikwazo havikuzifikiria. Dada yangu alisimama kwenye pazia la jikoni. Nilifungua kurasa zangu.

Nilisema vizuri. Sina sababu ya kujifanya mnyenyekevu. Nilionyesha kwamba dada yangu anafunga Ramadhani nzima tangu ana miaka kumi na mmoja. Kwamba anapika, anapanga foleni ya maji, anamsomea bibi barua. Kwamba siku risasi zilipotukuta sokoni ni yeye aliyewashika watoto wawili wa jirani na kuwalaza mferejini, wakati mimi, kwa kumbukumbu yangu, nilikuwa nikitafakari. Nikauliza: mtu tunayemtegemea katika hatari kwa nini tumnyime uso wake katika usalama? Upande wa milimani zikalia risasi kidogo, na kila mtu akangoja ziishe, kwa adabu, ili nisikatizwe.

"Kwa hiyo," shangazi akasema polepole, "unasema iko mukubwa."

"Ni mkubwa, Shangazi."

"Ana akili ya mutu muzima."

"Anayo kuliko wengi wenye ndevu."

"Hata mimi najua mwenye ndevu mmoja. Na kwa dini?"

"Kwa dini amebaleghe. Anawajibika kwa swala yake na saumu yake. Si mtoto."

"Si mutoto," shangazi akarudia, akimtazama baba. "Umesikia? Bwana avoka, mwanasheria wetu, amesema mbele yetu wote."

Nilidhani amesalimu amri. Niliona hata shavu lake limelegea kidogo, nikalihesabu hilo kuwa ni nguvu ya hoja. Baba akajipangusa uso, akasema kwamba kama mambo ni hivyo, basi apake, lakini kidogo. Tasbihi ya bibi ikasimama. Nyuma ya pazia dada yangu alicheka kwa sauti moja fupi. Jioni hiyo alinigawia sehemu yake ya samaki.

Siku tatu tulikuwa na furaha. Alikwenda shule na macho yake, akarudi nayo. Nilianza kufikiria kuandika makala.

Siku ya nne baba aliniita dukani na kufunga nusu ya mlango.

"Shangazi yako amekwenda kwa rafiki yangu," alisema. "Amewaambia binti sasa amekua. Wanawake wao wanakuja Alhamisi ijayo."

"Lakini Baba ulikwisha kuwajibu."

"Niliwajibu mutoto. Sasa we umesimama hapa na makaratasi, kwa sheria na kwa dini, ukasema si mutoto. Mi nitawaambia nini? Nilikuwa na neno moja tu, mwanangu. Umelichukua."

Nikamwambia kwamba kuna kutoelewana. Nilikwenda kwa shangazi siku hiyo hiyo nikiwa na kurasa mpya, na nikamsomea kwamba sheria ya nchi haimruhusu msichana kuolewa kabla ya miaka kumi na minane, kwamba akili yake bado inakua, kwamba kwa hakika, tukitazama kwa makini, ni mtoto.

Shangazi alikuwa akichambua mchele. Aliinua macho yake yaliyochorwa vizuri.

"Jumapili alikuwa mukubwa."

"Kwa wanja, Shangazi."

"Iko mukubwa wa macho, mutoto wa miguu?" Akapuliza makapi. "Sikiliza. Mi niliolewa na miaka kumi na sita, sikufa. Kila asubuhi huyu mutoto anapita kwa askari. Siku hatarudi, utawasomea hao askari makaratasi? Akiwa kwa mume anakaa ndani, na mume iko na mageti ya chuma. Nakupenda, mwanangu, lakini we unajua kusema tu."

Nikakunja kurasa zangu, kwa kuwa alichokihofia kilikuwa cha kweli. Hilo halikuwemo katika kurasa zangu zote, za kwanza wala za pili: kwamba mtu anaweza kukosea huku akiogopa kitu sahihi.

Aliyepata njia alikuwa dada yangu, na hakuhitaji hata ukurasa mmoja. Jumatano, siku moja kabla ya wageni, aliingia chumbani kwa baba na uso uliooshwa, nywele zimegawanywa na kusukwa mafungu manne kama za watoto wa chekechea. Nilikuwemo, nikimsaidia baba kukunja vitambaa.

"Baba, nimerudisha wanja."

"Umerudisha nini?"

"Wanja. Sitaki. Nimempa Bibi aweke. Sitapaka, wala hina, wala kitu chochote, mpaka nimalize la kumi. Kwenye harusi sitapaka. Kwenye Idi sitapaka. Wakija kesho waambie umenipima, umeona bado mutoto. Na wakiuliza mutaani, kila mutu ataniona."

Baba alimtazama, kisha akanitazama mimi, kama mtu anayelinganisha vitambaa viwili na kujua tayari kipi hakitauzika.

"Utaweza?" akamuuliza. "Wenzako watakucheka."

"Watacheka."

"Na shangazi yako?"

"Shangazi anasema nipake kama niko mukubwa. Sipaki. Si nimemutii?"

Alhamisi wanawake walikuja, wakanywa chai, wakamwona akipita na ndoo, uso mkavu na mafungu yake manne. Baba akawaambia kwamba kijana wake msomi alikuwa ameharakisha, vijana wana haraka, binti bado. Wakacheka kwa upole, mmoja wao akanipa pole ya masomo. Rafiki wa baba hakuvunjika moyo wala hakuvunja urafiki. Mwaka uliofuata mwanawe alioa kwingine. Shangazi hakuzungumza nami hadi Ramadhani. Kila asubuhi ya shule, hata hivyo, alisimama barabarani mpaka msichana apotee machoni, na kila adhuhuri alikuwepo tena, akijifanya kununua ndizi.

Karibu miaka miwili dada yangu alitembea hivyo. Harusi zilikuwa nyingi, maana watu wa mji wenye vita huoa haraka. Wenzake walipangwa mstari wamepakwa mpaka masikioni, naye aliketi kati yao kama aliyekuja kuleta viti. Msichana mmoja alimuuliza kama anaumwa macho. Alipofikisha miaka kumi na saba bado walimwita "kale katoto". Aliziacha kejeli hizo mlangoni, na nyumbani alijifungia na vitabu. Mtihani aliufanya katika wiki ambayo barabara ilifungwa siku mbili, na akafaulu. Siku matokeo yalipotoka nilitaka kumwomba radhi, na kama kawaida yangu nilianza na utangulizi. Nilimweleza jinsi kanuni yangu ilivyokuwa sahihi kwa asili yake ila mazingira hayakuwa yamekomaa.

Alikuwa ameketi kizingitini, kioo kidogo mkononi, akijipaka jicho la kushoto. Alimaliza mstari wote kabla ya kujibu.

"Kaka, mi niliomba wanja tu."

Kisha akahamia jicho la kulia.

Nimekuwa nikiulizwa, kwa kuwa sasa ninavaa tai na watu hudhani ninajua, msichana aruhusiwe kujipaka akiwa na miaka mingapi. Sijui. Naomba kitu kimoja tu kwako unayesoma, mzazi, kaka au shangazi: binti wa nyumbani kwako akikuomba wanja, mjibu kuhusu wanja, na umwache aendelee na shule.