Mwalimu wa Haki Mbele ya Mudiri

Kabla ya kuja Doha kulinda milango nilifundisha historia huko Kenya, na mdomo wa ualimu sijauacha. Kila Ijumaa, siku ya mapumziko huku, tukitoka kanisani mtaa wa Mesaimeer niliwahubiria wenzangu wa chumbani juu ya tamko la mapinduzi ya Wafaransa: binadamu huzaliwa huru na sawa, haki zake si zawadi ya mfalme. Waliniita mwalimu, na kichwa kikanivimba. Siku hizi hawaniiti kitu.

Mwezi jana tulinyimwa siku ya mapumziko. Wenzangu wakasema twende kwa mudiri, bosi wetu, na mwalimu atusemee. Ningekataaje?

Mudiri hakupaza sauti. Aliuliza tu ni nani amewajaza watu hawa maneno haya.

"Sijui, bosi," nikasema, mwanamapinduzi mzima. "Mimi nimekuja kuwatafsiria tu."

Wafula, anayelala kitanda cha juu yangu, hana hila hata kidogo. Alinitazama kwa upendo, kisha akamwambia mudiri kwa Kiingereza safi kisichohitaji mkalimani:

"Mwalimu anajishusha tu, bosi. Haya yote ametufundisha yeye."